Kisima Kilichoandikwa Sifuri

Chumba cha kompyuta tulikuwa tunaingia bila viatu. Sijui nani alianzisha, ila ofisi nyingi za wakati ule zilikuwaga hivyo. Unavua viatu mlangoni kama unaingia msikitini, unakuta pazia zito, feni, na mashine yenyewe imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama kile cha kufunikia redio sebuleni. Kitambaa nilikifuma mie. Bosi alicheka alipokiona, lakini siku upepo ulipoingiza vumbi la barabara, meza ikawa nyekundu na mashine ikabaki safi, hakucheka tena.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nina umri wa miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa mpiga chapa kwenye mradi mdogo wa visima, ofisi yetu Kinondoni, nyumba ya kupanga yenye mpapai mlangoni. Nyumbani ni Temeke kwa Bibi, mama yake mama. Mama alikuwa ameolewa tena na kuhamia Tanga, mie nikabaki na Bibi kwa hiari yangu, na sijawahi kujuta hata siku moja. Bibi ananiita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu wa kike, ingawa babu tuliyepaswa kumgombania alikufa sijaota hata meno. Uani kwetu kulikuwa na kisima. Nimeoga maji ya kisima kile, nimepikiwa uji kwa maji yale, na mtaa mzima ulichota pale bure. Asubuhi ukiamka unasikia ndoo za watu kabla hujasikia jogoo.

Kazi ya mradi ilikuwa hii. Watu walikuwa wanaugua matumbo kila mvua zikinyesha, kwa sababu visima vifupi vilikaa karibu na vyoo. Basi ikaamuliwa kwamba kisima chenye kina cha chini ya pima tatu kifukiwe. Kilichozidi hapo kinapewa mfuniko wa saruji kutoka kiwanda cha Wazo na pampu ya mkono. Pima ni kipimo chetu cha zamani, mtu akinyoosha mikono yake pande mbili, kuanzia ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya kidole kile. Mafundi wote wa visima walipima hivyo, na kamba zao waliziita kwa pima.

Sasa nani anajua kina cha visima vya Temeke? Mtu mmoja tu, mzee fundi visima wa mtaani kwetu, aliyechimba visima tangu enzi za ujana wake na kuandika kila kimoja kwenye daftari. Alikuwa na madaftari matatu, yamefungwa kwa uzi wa kushonea mikeka. Bosi alikwenda mwenyewe kuyaazima, na mie nikaenda naye kwa sababu mzee ananijua.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba. Huyo nani?"

"Bosi wangu, babu. Anaomba madaftari yako, wiki tatu tu."

Mzee akamtazama bosi kuanzia viatu mpaka nywele, akatuingizia madaftari kwenye mfuko wa nailoni, akasema, "Yakirudi na doa la chai, nitajua ni nani." Akatufungia mlango. Ndivyo alivyo, hana maneno ya ziada, na wala hakutukaribisha kahawa.

Nikayapiga chapa yote. Mistari mia tatu na kumi na mbili, kila kisima mstari wake, na kila mstari nikaupa namba ya mfuatano kwenye safu ya pembeni. Mzee alikuwa na mtindo wake. Kwa mfano: "786. Kisima cha muuza mkaa, nyuma ya nyumba ya bati jekundu. Pima 5. Tulichimba watu 3. Maji yana chumvi kidogo." Na mie nina mwendo kwenye kupiga chapa, nisijifiche. Vidole vinakimbia, akili iko kwa fundi cherehani, nawaza gauni la Idi litakuwa tayari lini. Nilinakili mia tatu na kumi na mbili bila kusoma hata mmoja. Wakati ule niliona ni sifa.

Bosi alikuwa mtu wa bara, wa kanda ya ziwa, mpole, mrefu, na ana kicheko cha kushtua kuku. Alitoka masomoni na diski yenye lugha ya kuandikia skripti, zile programu fupi fupi. Ukurasa mmoja wa amri unafanya kazi ambayo karani angeifanya wiki nzima. Akaniambia, "Binti, huwezi kuchambua mistari yote hiyo kwa macho. Tuifundishe mashine ikutolee namba." Akanipa kitabu, fotokopi iliyopauka, akanifundisha mchana mmoja, kisha akaniachia.

Jamani, nilipenda! Sijui nieleze vipi. Mie niliyefeli hesabu kidato cha pili nikakaa na ile fotokopi kama mtu aliyepata barua ya uchumba. Kuna alama pale, nazikumbuka mpaka leo: mabano ya mraba, ndani yake sifuri mpaka tisa, nje yake alama ya kujumlisha. Maana yake, "Nitafutie tarakimu yoyote, iwe moja au nyingi zinazofuatana." Unaipa mstari wenye maneno matupu na namba imejificha katikati, inakuletea namba peke yake, imesafishwa. Kama kuchambua mchele, mawe huku, punje huku.

Nikaandika skripti yangu ya kwanza. Chukua mstari, tafuta namba, iandike pembeni, ndiyo kina cha kisima. Nikabonyeza. Mashine ikanguruma kidogo, ikatema orodha. Kisima cha kwanza, kina 786. Cha pili, 786. Cha tatu, 786. Mpaka cha mia tatu na kumi na mbili.

Bosi akaja, akaitazama orodha, akakitoa kile kicheko. "Kumbe Temeke mnachimba mpaka mnatokea upande wa pili wa dunia!"

Hasira zikanipanda, maana mie nina hasira za karibu. Halafu nikaona, nikajishika kichwa. Saba nane sita! Ndiyo Bismillahi kwa hesabu ya herufi za Kiarabu. Wazee wetu wa pwani huiandika juu ya barua na juu ya mlango wa duka badala ya kuandika dua yenyewe, ili jina la Mungu lisije likaishia kwenye karatasi ya kufungia karanga. Mzee hakuwahi kuchimba bila Bismillahi, na hakuandika kisima bila kuitanguliza. Na mie mwenyewe niliiandika juu ya karatasi zangu zote za mtihani, hata ile hesabu niliyofeli. Kwa hiyo macho yangu yalipoiona daftarini hayakuona namba. Yaliona dua, yakapita.

Nikamweleza bosi. Akasikiliza kwa adabu, yeye Mkristo, akasema, "Basi mashine haina dini. Iambie ipite hapo."

Nikajaribu kuiambia ichukue namba ya mwisho kwenye mstari. Ikaniletea idadi ya wachimbaji: watu watatu, watu wanne. Nikakaa chini nikafikiri. Nikaandika upya, tafuta neno "pima", ruka nafasi, chukua tarakimu zinazofuata. Hapo ikakubali. Kina tano, kina saba, kina mbili, kina nne. Nusu pima zilipotea njiani, lakini bosi alisema nusu hazitudhuru. Nikapanga orodha kuanzia kina kidogo kwenda kikubwa, safu mbili tu, namba ya kisima na kina chake, nikaichapisha kwenye ile karatasi yenye vitobo pembeni. Bosi akatia sahihi ukurasa wa mwisho. Nilitamani kuitia kwenye fremu.

Asubuhi ya pili yake gari la mradi likaondoka na orodha yangu. Nilijua linaanza na visima vifupi zaidi. Sikujua zaidi ya hapo, na sikuuliza.

Siku hiyo ilikuwa zamu yetu ya mgao wa umeme. Saa nne feni ikasimama, tukafunika mashine, bosi akaniambia nende zangu nyumbani. Nikafika Temeke kabla ya adhuhuri, nina furaha, nimenunua na mihogo ya kukaanga. Nikakuta gari letu mlangoni kwa Bibi. Nyuma ya gari kuna kifusi kimejaa, na majirani wamesimama na ndoo tupu.

Nikapita mbio mpaka uani. Bibi amekaa juu ya ukingo wa kisima, amejifunga kanga kiunoni, miguu ameipandisha kabisa. Mbele yake wamesimama msimamizi wa mradi, vibarua wake watatu wenye makoleo, na mjumbe wetu wa nyumba kumi, mwenye orodha ya namba za visima na nyumba zake, ambaye alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake kama hajawahi kuviona.

"Mie sitoki hapa," Bibi anasema. "Mwagieni hicho kifusi na mie nimo."

"Bibi, shikamoo, sisi tumetumwa tu," msimamizi anasema, kwa mara ya ishirini labda, sauti imechoka. "Karatasi inasema kina ni sifuri. Chini ya pima tatu kinafukiwa. Hiki ni sifuri."

"Sifuri? Kisima kikiwa sifuri si kisima, ni uwanja! Sasa ndoo yangu huwa inazama wapi?"

Majirani wakaangua kicheko. Mie sikucheka. Nilikuwa nimeiona ile karatasi mkononi mwake, vitobo vyake pembeni, na kwenye mstari wa kwanza kabisa namba ya kisima na sifuri mbele yake. Mihogo ikanidondoka.

Bibi akaniona. "Afadhali umekuja, mke mwenzangu, wewe msomi. Waambie hawa. Na huyo aliyeiandika hiyo karatasi mie namtaka. Nimtumbukize humu akapime mwenyewe!"

Mngekuwa nyie mngesema nini? Mie niliinama kuokota mihogo. Niliona aibu, na niliogopa, na Mungu anisamehe kwa kuuficha ukweli dakika ile. Lakini kilichoniuma zaidi ni kimoja. Pembeni, kwenye kivuli cha ukuta, kulikuwa na ndoo na kata ya kifuu, na kibarua mmoja alikuwa anakunywa. Bibi alikuwa amewapa maji. Wamekuja kumfukia kisima, jua kali, akawachotea maji humo humo, wakanywa, kisha ndiyo akapanda kukaa juu yake.

Hasira zangu hapo zikapata kazi. "Hayo maji ni ya moto au baridi?" nikamuuliza kibarua.

"Ya baridi, sista. Baridi sana."

"Basi yanatoka sifuri hayo?" Nikamgeukia msimamizi. "Kipime. Hujapima, unasoma karatasi tu. Pima!"

Akatoa utepe wake wa chuma wa mita tano, akaufunga jiwe, akauteremsha. Ukaisha wote, jiwe bado linaning'inia hewani. Akasema mita tano hazifiki pima tatu, sheria ni sheria. Bibi akamrushia kamba ya ndoo. Msimamizi akafunga jiwe kwenye kamba, akateremsha mpaka likagusa tope la chini, akaishika palipofika ukingoni, akaivuta nje yote. Halafu, mbele ya mtaa mzima, akaanza kunyoosha mikono. Moja. Mbili. Majirani wakaanza kuhesabu naye. Tatu! Vigelegele. Nne. Tano. Sita. Na kipande kikabaki, karibu pima nzima.

Msimamizi akafuta jasho. Akachukua kalamu, akakata ule mstari wa kwanza, akamwambia Bibi samahani mara tatu. Bibi akateremka, akaomba mkono wa kumshika, akaukuta wangu. Nikamwomba msimamizi asiende popote na ile karatasi mpaka kesho, kuna kosa ndani yake. Akaniangalia, nadhani alielewa, akaikunja akaitia mfukoni.

Kesho yake umeme ulikuwapo. Nilivua viatu nikaingia, nikamweleza bosi kila kitu nimesimama, kabla hajaketi. Hakucheka safari hii. Tukafungua faili pamoja. Vyenye sifuri vilikuwa vinane. Na kwa vyote vinane sababu ilikuwa moja. Mzee hakuandika tarakimu, aliandika neno: pima saba, pima nne, pima sita. Skripti yangu ilifika kwenye "pima", ikatafuta tarakimu, ikakosa. Na ile lugha haina aibu. Ukiipa neno ukaiambia hii ni namba, haikatai wala haiulizi, inakuandikia sifuri na kusonga mbele. Mwenyewe nilikuwa nimelisoma hilo kwenye fotokopi, nikapigia mstari kabisa.

Ndipo nikausoma mstari wa kisima chetu. Niliupiga chapa wiki mbili nyuma kwa vidole hivi hivi, na niliusoma siku ile kwa mara ya kwanza:

"786. Kisima cha mke wa mpaka chokaa, nyumba ya pili baada ya msikiti. Pima saba kasoro shibiri. Watu 2. Maji matamu. Sadaka. Binti yake ana mimba pevu, asiende tena bombani na ndoo. Mola amjaalie ajifungue salama."

Mpaka chokaa, fundi wa kupaka kuta, ni babu yangu. Binti ni mama. Na mimba, sina haja ya kusema, ni mie. Mtu amenichimbia kisima kabla sijazaliwa, ameniombea dua kwa mkono wake, na mie nikaipitisha dua ile chini ya vidole vyangu nikiwaza gauni. Nililia pale pale, mguu mtupu, mbele ya bosi. Akatoka nje akaniachia chumba.

Mchana nikayarudisha madaftari kwa mzee. Akayafungua moja moja kutafuta doa la chai. Nikamuuliza, "Babu, hivi vinane mbona umeviandika kwa maneno, na vingine kwa namba?"

"Vile vya malipo niliandika namba, nipate kudai kwa kila pima," akasema. "Vya sadaka namdai nani? Namba ya nini?" Akafunga daftari. Nikamwambia ahsante kwa kisima chetu. Akaniuliza kisima gani, akakumbuka, akasema mchanga wa pale ulimsumbua sana. Basi, akafungua daftari jingine.

Skripti niliirekebisha wiki hiyo. Nikaiandikia jedwali, moja ni 1, mbili ni 2, mpaka kumi na mbili. Na pale isipoona kitu, nikaikataza kuandika sifuri. Nikaiambia iandike neno KAPIMENI. Visima saba vilivyobaki vikapimwa kwa kamba, na ni kimoja tu kilichofukiwa, kweli kilikuwa kifupi. Chetu kilipata mfuniko na pampu, ingawa Bibi aligoma kuitumia mwaka mzima, anasema inalia vibaya.

Lakini jioni ile ya madaftari nilikuwa bado sijamwambia. Nilikuwa nimeuchapisha ule mstari peke yake, nimeukata kwa rula. Bibi alisoma Kiarabu tu, herufi zetu hakuzijua. Alikuwa ukumbini amekalia mbuzi anakuna nazi, mie nikakaa mkekani karibu yake.

"Bibi, aliyeandika ile sifuri ni mie."

Akaacha kukuna. Nikamweleza yote, mashine, namba, maneno. Sijui alielewa nini. Kisha nikamsomea karatasi. Alipoisikia "mke wa mpaka chokaa" akatabasamu kidogo. Nilipomaliza akasema, "Rudia hapo pa binti." Nikarudia. Mkono ukabaki juu ya mbuzi, chicha limemganda vidoleni.

"Kwa hiyo mtoto aliyechimbiwa," akasema, "ndiye aliyetaka kukifukia."

"Ndiyo, Bibi."

Akanitazama, nikainamisha kichwa, nikasubiri. Akanipiga kofi la begani, lile la utani, likaniachia chicha kwenye blauzi.

"Haya, simama. Kachote maji, mke mwenzangu. Mchele haujaoshwa."